Shajara ya mradi: antena ya bangili ya mapigo ya moyo

Wiki ya 1

Bangili ya kwanza imerudi kutoka kwa shangazi, naye kanieleza kwa ufupi: "Mwanangu, nikikaa sebuleni inafanya kazi. Nikiingia jikoni inanyamaza." Simu yake hukaa juu ya meza ya sebule, na kutoka hapo hadi jikoni ni hatua nane na ukuta mmoja. Kifaa hiki kimetengenezwa ili kiangalie moyo wa mtu saa zote, kwa hiyo siwezi kukiachilia na kasoro hii.

Nimepima leo kwa umbali wa mita 2. Bangili ikiwa juu ya meza ya mbao, simu inapokea -58 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyokuwa kubwa). Nikiifunga mkononi, bila kusogeza kitu kingine chochote, inapokea -79 dBm. Tofauti ni desibeli 21, yaani nguvu inayofika kwenye simu imepungua zaidi ya mara 100 kwa sababu tu ya kufunga mkanda.

Antena tuliyotumia ni ile ya seramiki inayouzwa tayari, ndogo kabisa. Tuliifuata michoro ya mtengenezaji bila kubadilisha chochote, isipokuwa jambo moja ambalo hatukulipa uzito: vipimo vyake vyote vilifanywa juu ya bodi ya sakiti ndefu zaidi ya mara mbili ya bodi yetu. Yetu ni duara la kipenyo cha mm 34. Nimeanza kushuku kwamba kosa limo humo, na wiki ijayo nitakaa na hesabu kabla ya kugusa chuma cha kulehemu.

Wiki ya 2

Bangili huzungumza na simu kwa Bluetooth ya nguvu ndogo, nayo ina chaneli 40, ya kwanza kwenye megahezi 2402 na ya mwisho kwenye 2480. Antena lazima izihudumie zote. Katika masafa haya urefu wa wimbi hewani ni mm 122, na robo yake, ambayo ndiyo fimbo ya kawaida ya antena, ni zaidi kidogo ya mm 30. Mimi nimebakiwa na eneo la mm 12 kwa mm 4, baada ya betri, kihisi cha mwanga na sehemu ya kuchajia kuchukua nafasi zao.

Wahandisi Harold Wheeler mwaka 1947 na Lan Jen Chu mwaka 1948 walionyesha kuwa antena ndogo ina mpaka usiovukwa kwa ustadi wa mchoraji. Chukua tufe dogo kabisa linaloweza kuifunika antena. Nusu kipenyo cha tufe hilo, ikilinganishwa na urefu wa wimbi, ndiyo inayoamua Q ya chini kabisa inayowezekana. Q hulinganisha nishati inayobaki ikizungukazunguka karibu na antena na ile inayoondoka. Ikiwa kubwa, antena hujibu kwenye kipande chembamba tu cha masafa.

Nimefanya hesabu mara mbili. Eneo langu la antena peke yake linaingia kwenye tufe la nusu kipenyo cha karibu mm 6.3, na Q yake haiwezi kushuka chini ya 32 hivi. Ili chaneli zote 40 zipite huku nguvu inayorudishwa na antena bila kurushwa ikiwa haizidi takriban asilimia 11, nahitaji Q isiyozidi 20. Kwa hiyo haiwezekani, labda antena ikubali kuchoma nguvu yake kama joto, na hapo "upana" wote utakaoonekana kwenye grafu utakuwa wa hasara.

Hesabu ya pili nimeihesabia bodi nzima, nusu kipenyo mm 17. Mpaka wa Q umeshuka chini ya 3.

Nimeziangalia namba hizi mbili kwa muda mrefu. Kipande cha seramiki kwenye ile bodi ndefu ya mtengenezaji kilikuwa kinaiamsha bodi, na bodi ndiyo iliyokuwa inarusha mawimbi. Sisi tulinunua kile kipande tukaamini kwamba tumenunua antena. Ethi ya bodi (tabaka lake la shaba ambalo saketi zote hurejea), betri, nyaya zake, vyote vinabeba mkondo, na vyote ni sehemu ya antena, nitake nisitake. Kuanzia sasa ndivyo nitakavyofanya kazi.

Kuna hesabu nyingine ndogo ya kuweka hapa nisiisahau. Fimbo ya mm 8 juu ya ethi kubwa ina ukinzani wa kurusha, yaani ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, wa takriban omu 1.7 tu. Ukinzani wa hasara, wa shaba, wa lehemu na wa indukta inayoilinganisha antena na redio, ukifika omu 1.7 vilevile, nusu ya nguvu imekwisha kabla haijaondoka kwenye bodi.

Wiki ya 3

Siku tatu zimepotea kwa kebo.

Nililehemu kebo nyembamba ya koaksi kwenye mlisho wa antena, nikaunganisha analaiza, kifaa kinachochora nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, na bonde zuri, yaani masafa ambayo kidogo tu kinarudi, likatokea kwenye gigahezi 2.45. Nilipoisogeza kebo ili niandike, bonde likahama megahezi 60. Nilipoishika kwa vidole, likazama zaidi. Ganda la nje la kebo limeungwa na ethi ya bodi, na kwa kuwa bodi ni ndogo, mkondo unaona kebo kama mwendelezo wa bodi na kutiririka nje yake. Nilikuwa napima antena ya nusu mita.

Dawa iliyofanya kazi ina sehemu tatu. Kwanza, nimeivisha kebo bomba la shaba la urefu wa robo wimbi, upande mmoja ukiwa umelehemiwa kwenye ganda na ule unaotazama bodi ukiwa wazi, ili mkondo wa nje ukutane na kizuizi. Shanga za ferite nilizijaribu pia. Kwenye masafa haya zinasaidia, ila bomba linasaidia zaidi. Pili, kebo sasa inaondoka kwenye bodi mahali ambapo mkondo ni mdogo, ikielekea upande usio na antena. Tatu, urekebishaji wa analaiza naufanya kwenye ncha ileile inayolehemiwa, kwa kutumia bodi tupu tatu: moja imefungwa kwa ethi, moja iko wazi, moja ina ukinzani wa omu 50, ambao ndio wa kebo na redio.

Kipimo changu sasa ni rahisi: nashika kebo sentimita 10 kutoka kwenye bodi. Grafu ikitikisika, siandiki namba yoyote. Vipimo vyote vya wiki ya kwanza nilivyovifanya kwa analaiza nimevifuta.

Wiki ya 4

Nimetengeneza mkono bandia. Msuli kwenye gigahezi 2.45 una kiwango cha daielektriki (kinachoonyesha jinsi kitu kinavyofupisha wimbi) cha karibu 53 na unapitisha umeme kwa takriban simensi 1.7 kwa mita. Mafuta yana kiwango cha karibu 5 tu na hasara ndogo. Maji matupu yana karibu 78, kwa hiyo ni mengi mno. Sukari hushusha kiwango hicho, chumvi huongeza upitishaji, na agari hugandisha mchanganyiko usimwagike. Sina kifaa cha kupima daielektriki moja kwa moja, kwa hiyo nimefuata njia nyingine: nimebadilisha chumvi na sukari hadi grafu ya bangili juu ya jeli ilipolala juu ya grafu za mikono mitatu halisi. Naufunika kwa plastiki ili usikauke, na kila asubuhi naulinganisha na mkono wangu kabla ya kuuamini.

Sasa jambo lililonifunza zaidi katika mradi huu mpaka hapa.

Antena ya seramiki hewani ilikuwa na bonde la -11 dB kwenye gigahezi 2.44. Juu ya mkono, bonde limeshuka hadi 2.31, kama nilivyotarajia, kwa kuwa tishu zenye daielektriki kubwa hurefusha antena kiumeme. Nikabadilisha kapasita ya kulinganisha, nikalirudisha kwenye 2.44. Safari hii bonde lilikuwa na kina cha -19 dB na upana karibu mara mbili. Kwenye karatasi hiyo ni antena bora kuliko ile ya hewani. Nikawasha bangili, nikapima kwa simu: -77 dBm. Kazi ya siku nzima imeleta desibeli 2.

Analaiza inaniambia nguvu kiasi gani haikurudi. Haiwezi kuniambia ilikwenda wapi. Mkono unaokunywa nguvu yote utatoa bonde safi kabisa, na hata ukinzani wa omu 50 uliolehemiwa mahali pa antena ungetoa grafu ambayo yeyote angeisifu. Upana ulioongezeka ulikuwa ishara ya hasara, sawasawa na hesabu za Chu zilivyonionya wiki mbili zilizopita.

Kuanzia leo kila toleo linapimwa kwa namba mbili, bonde na nguvu inayofika kwenye simu, na ya pili ndiyo inayoamua.

Wiki ya 5

Nilitaka kujua ufanisi wa antena hewani bila chumba maalumu cha kupimia. Wheeler alieleza njia mwaka 1959: pima ukinzani wa antena ikiwa wazi, kisha ifunike kwa kopo la chuma na upime tena. Kopo linazuia urushaji, na ukinzani unaobaki ni wa hasara tu.

Kopo la kwanza lilikuwa na kipenyo cha sentimita 10, na namba zilikuja zisizowezekana: hasara kubwa kuliko jumla. Ilinichukua asubuhi nzima kukumbuka kwamba kopo lenyewe ni chumba chenye masafa yake. Kopo la duara la kipenyo hicho lina resonansi, yaani masafa linayoitikia kwa nguvu, karibu gigahezi 2.3, jirani kabisa na masafa yangu. Nikachukua kopo la mm 60, ambalo resonansi zake ziko juu zaidi, na nimelifunga kwenye ethi kwa utepe wa shaba pande zote. Matokeo ya seramiki: omu 7.1 ikiwa wazi, omu 3.2 ikiwa ndani. Ufanisi ni kama asilimia 55.

Basi hewani antena hii haikuwa mbaya. Desibeli 2.6 hivi ndizo zinazopotea kwenye bodi. Nyingine zote zinapotelea mkononi, na hapo ndipo panapostahili jasho langu.

Wiki ya 6

Nimejaribu njia za nyoka, shaba inayojikunja mara nyingi ili ipate urefu ndani ya eneo dogo. Matoleo manne. Kila mkunjo umeshusha masafa, lakini mikondo jirani inakwenda kinyume na kufutana, na ukinzani wa kurusha unashuka pamoja. Mkononi, bora kati yao imeishinda seramiki kwa desibeli 1. Nimeacha.

Wiki ya 7

Mwenzangu wa programu alikuja kuangalia uigaji wa mkondo kwenye skrini, ambapo nyekundu ni mkondo mkubwa, akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Mbona rangi nyekundu yote imelala sambamba na ngozi?"

Ameona vizuri. Antena ya seramiki, njia za nyoka na ukingo wa bodi vyote vinabeba mkondo unaolala sambamba na ngozi, umbali wa mm 4 tu. Juu ya kitu kinachopitisha umeme, mkondo wa namna hiyo hupata kivuli chake upande wa pili, kinachotiririka kinyume, na viwili hivyo vinafutana. Uga wa umeme uliolala sambamba na ngozi ndio pia unaoingia kwa urahisi zaidi ndani ya tishu na kugeuka joto. Kwenye msuli nguvu ya uga hushuka hadi karibu asilimia 37 ndani ya mm 22, na mkono una unene wa kutosha kuimaliza. Mkondo uliosimama wima juu ya ngozi una kivuli kinachotiririka upande uleule, kwa hiyo unasaidiwa. Tena wimbi lenye uga uliosimama huweza kutambaa kuuzunguka mwili na kufika upande wa pili, jambo ambalo kifaa cha mkononi kinalihitaji kila mara mtu anapogeuka.

Kusimamisha fimbo ndani ya kasha la unene wa mm 11 haiwezekani. Ila juu ya kasha tayari kuna pete ya chuma ya urembo, kipenyo mm 34, mzunguko mm 107, nayo iko mm 7 juu ya bodi. Kati ya pete na ethi ya bodi kuna mwanya. Nikiiunga pete na ethi kwa vibanio viwili vilivyoachana mm 50 kwenye mzingo, mwanya ulio kati yao unakuwa antena: nusu wimbi hewani ni mm 61, na plastiki ya kasha inaufupisha mpaka karibu mm 50. Uga wake unaruka kutoka kwenye pete kwenda kwenye bodi, wima kwa ngozi. Saa nyingi za chuma zinazowasiliana kwa redio hutumia njia ya jamaa na hii, na sasa naelewa kwa nini.

Nimelisha mwanya mm 10 kutoka kwenye kibanio kimoja. Karibu na kibanio ukinzani ni mdogo, katikati ni mkubwa mno. Mahali pa omu 50 nimepatafuta kwa kulehemu na kufumua mara saba.

Ijumaa jioni, mita 2, mkononi: -70 dBm.

Nimerudia mara tano, nimebadilisha mkono, nimebadilisha simu. Wastani ni desibeli 8 juu ya seramiki. Mahali pa wazi desibeli 6 huzidisha umbali mara mbili, kwa hiyo hizi zinauzidisha karibu mara mbili na nusu. Nilimpigia mwenzangu simu usiku huohuo.

Wiki ya 8

Mwenzangu amependekeza tupandishe nguvu ya kutuma kutoka miliwati 1 hadi 6, kwa kuwa chipu inaruhusu. Nimekataa, na sababu zangu naziandika hapa ili tusilirudie jambo hili.

Nguvu ya kutuma husaidia upande mmoja. Simu nayo lazima isikike na bangili, na hapo antena pekee ndiyo inayosaidia, kwa sababu faida yake iko pande zote mbili. Betri ni ndogo. Na kuna ngozi. Kwa miliwati 1 hesabu inafanyika kichwani: hata nguvu yote ikimezwa na gramu moja ya tishu, inakuwa wati 1 kwa kilo, chini ya kikomo cha Marekani cha wati 1.6 kwa kilo kinachopimwa kwa wastani wa gramu 1 ya tishu. Kwa gramu 10 inakuwa wati 0.1 kwa kilo, wakati kikomo kinachotumika Ulaya kwa mikono na miguu ni wati 4. Kwa miliwati 6 siwezi tena kuimaliza hesabu kwa sentensi moja, itabidi nipime. Amekubali. Badala yake atapunguza muda wa kusubiri kabla ya bangili kutuma tena pakiti iliyopotea.

Wiki ya 9

Wiki ya vibanio na kapasita.

Antena ya mwanya inategemea muungano mzuri pale mkondo unapokuwa mkubwa, yaani kwenye vibanio. Bangili moja kati ya nne ilikuwa chini kwa desibeli 3, na nilipoibonyeza pete kwa kidole ikapona. Kibanio kilikuwa kinagusa chuma kilichopakwa rangi. Tumekwangua rangi chini ya vibanio, tumeweka sehemu za kugusia zilizopakwa dhahabu kwenye bodi, na tumeongeza kibanio cha pili kando ya kila kimoja.

Kapasita ya pikofaradi 1.0 kwenye masafa haya ina kizuizi cha omu 65. Mkosano wa pikofaradi 0.1 katika utengenezaji wake ni asilimia 10 yake, wa kutosha kusogeza bonde. Nimehamia kwenye zenye mkosano wa 0.05, na indukta zile zilizosokotwa kwa waya badala ya za tabaka, maana hasara yake ni ndogo.

Nyaya za betri nazo. Zilipokuwa zimelala chini ya mwanya, kila bangili ilikuwa na bonde lake. Sasa zinapita upande wa pili, zimegandishwa kwa gundi, na mabonde ya bangili zote nne yako ndani ya megahezi 15.

Wiki ya 10

Tumeamua kurekebisha antena kwa ajili ya mkono, hata ikionekana mbovu mezani. Hewani bonde liko 2.52, nje kabisa ya masafa yetu. Ikivaliwa linashuka hadi 2.44. Mtu akiipima mezani atasema imeharibika, basi nimeandika onyo kwenye hati ya ukaguzi.

Watu sita wameivaa. Mkono mwembamba na mnene inatofautiana megahezi 20 tu. Mkanda ulegee au ukazwe ndiyo tofauti kubwa zaidi: ukilegea mm 5, bonde linapanda megahezi 45, na chaneli za chini zinaanza kulegalega. Jasho limeleta hasara ya desibeli 1 hivi. Mtu akisimama kati ya bangili na simu yake mwenyewe, desibeli 12 zinaondoka, lakini zamani zilikuwa 20, na nadhani kule kutambaa kwa wimbi ndiko kunakotuokoa.

Jumapili nimempelekea shangazi. Ameivaa, ameingia jikoni, amefunga mlango. Mimi nimebaki sebuleni na simu yake mkononi, naangalia mapigo: 72, 74, 73. Akatoka uani na ndoo, mstari haukukatika. Akaniuliza kutoka huko nje, "Mwanangu, bado inaniona?" Nikamjibu inamwona.

Usiku ndio umebaki. Kumbukumbu za usiku wa jana zinaonyesha pengo la dakika 11 saa tisa alfajiri. Alilala juu ya mkono wake, bangili ikiwa kati ya mwili na godoro. Wiki ijayo: kulaza mkono bandia kati ya vipande viwili vya jeli na kupima upya, na kumwomba mwenzangu bangili ihifadhi mapigo ya dakika 30 ndani yake na kuyatuma yote inapopata njia.